Chema Chajiuza, hata Pikipiki

Ndugu msomaji, katika Wilaya za Masasi na Newala mwaka una majira mawili ya pikipiki. Majira ya kwanza ni ya kununua. Hayo huanza mwezi Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, na huendelea kadiri malipo yanavyoingia katika akaunti za wakulima. Majira ya pili ni ya kuuza. Hayo huja taratibu baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati fedha ya msimu imekwisha, watoto wanadai sare na madaftari, na chakula ghalani kinapungua kabla mavuno mapya hayajawadia. Pikipiki ile ile iliyoingia nyumbani kwa vigelegele hutolewa nje, huoshwa, hung'arishwa, na kusimamishwa kando ya barabara ikingoja mnunuzi.

Baina ya majira hayo mawili iko fedha inayopotea pasipo mtu kuihesabu. Sisemi juu ya bei ya pikipiki yenyewe, maana kila chombo huchakaa na kila mtu analijua hilo. Nasema juu ya nyongeza: redio na spika, taa za rangi, rangi mpya ya tangi, kiti kilichoshonwa upya kwa ngozi ya bandia, ekzosti ya kelele, vioo vya ziada, stika kutoka mbele hadi nyuma. Mwenye pikipiki akiulizwa anachotaraji siku ya kuuza, aghalabu hujumlisha: bei niliyonunulia ni hii, na nyongeza nilizoweka ni hizi, basi anipe kiasi hiki. Mnunuzi naye hajumlishi. Mnunuzi hutoa.

Kwa hiyo swali letu la Jumapili hii ni la mfuko wa nyumba. Je, fedha ya nyongeza hurudi? Jibu lake ni kwamba nyongeza inayomfanyia kazi mwenye pikipiki wa pili hurudisha sehemu ndogo ya gharama yake; nyongeza ya kupendezesha macho hairudishi kitu; na nyongeza iliyowekwa kwa kukata chuma au waya wa kiwandani hushusha hata bei ya pikipiki yenyewe. Tuyatazame hayo moja baada ya jingine.

Kwanza tuitazame nchi, maana bei ya kitu haitenganiki na ardhi kinakotumika. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, pale ambapo ardhi hukatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la mto Ruvuma, mahali panapojulikana kwa jina la Shimo la Mungu. Udongo wa juu huko ni wa kichanga. Mvua hunyesha, lakini maji huzama chini sana, na ndiyo sababu tangu zamani akina mama wa uwandani waliteremka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Hata baada ya miradi ya maji ya bomba kuanzishwa, dumu la maji limebaki kuwa mzigo unaosafirishwa kutoka mahali hadi mahali. Masasi yenyewe iko chini, upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe kama Mkomaindo. Ni mji wa njia panda: hapo hukutana barabara za Lindi na Mtwara, Tunduru, Nachingwea na Newala. Abiria na wachuuzi hawaishi.

Katika nchi ya namna hiyo pikipiki si chombo cha fahari. Ni punda, ni gari la wagonjwa, ni duka linalotembea. Zamani kazi hiyo iliifanya baiskeli, na wazee wetu waliipamba baiskeli ya Raleigh kwa dainamo, kengele na madigadi yanayong'aa. Bwana shamba na padri ndio waliopanda Honda au Yamaha. Katika miaka ya 2000 ziliingia kwa wingi pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, na mwaka 2010 zikatungwa kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni. Tangu hapo Boxer, TVS na SanLG zimekuwa majina ya nyumbani hata katika vijiji ambavyo basi halifiki.

Sasa tuchukue nyongeza za kundi la kwanza, zile zinazofanya kazi. Kubwa kuliko zote ni keria imara ya chuma iliyofungwa kwa boliti nyuma ya kiti. Mkulima wa kijiji cha juu anayetafuta pikipiki anafikiria gunia la korosho la kupeleka chama cha msingi, madumu ya maji, na mgonjwa wa kufikisha zahanati. Keria nzuri anaiona kama mkono wa pili wa pikipiki, na kwa kuwa asipoikuta atalazimika kuichomelesha mwenyewe, yuko radhi kuongeza kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa vyuma vinavyokinga injini na miguu pikipiki inapoanguka mchangani, na kwa shokapu za nyuma zilizo madhubuti. Tairi jipya lenye kashata nzito ni nyongeza ya namna hiyo hiyo, ingawa wengi hawaihesabu kuwa nyongeza. Pikipiki yenye tairi kipara, hata ikiwa na taa kumi, humwambia mnunuzi kwamba gharama ya kwanza inamngoja keshokutwa.

Lakini uangalie, ndugu msomaji, kwamba nimesema anaongeza kidogo. Hata keria iliyokugharimu shilingi 60,000 haitarudisha 60,000. Nayo imechakaa pamoja na pikipiki. Imepigwa mvua, imebeba mizigo, labda imechomelewa mara mbili. Faida yake kubwa umekwisha kuila siku zote ulipokuwa unaitumia. Kinachorudi sokoni ni masazo tu, na mwenye busara hayadharau masazo, ila hayahesabu kuwa ni chakula cha wageni.

Tena nyongeza hiyo hiyo haina thamani sawa kila mahali. Mjini Masasi mnunuzi huenda akawa kijana wa bodaboda anayebeba abiria kituoni. Huyo anataka kiti kirefu kisichoumiza abiria, injini isiyokunywa petroli kupita kiasi, na sura safi isiyomfukuza mteja. Keria kubwa ya mizigo kwake ni uzito. Mnunuzi wa Newala vijijini yu kinyume chake. Ringi za sahani, zisizo na spoku, humvutia wa mjini kwa sura. Wa njia ya mchanga na mashimo huzitilia shaka, kwa sababu spoku zikilegea hata fundi wa baiskeli huzinyoosha, lakini ringi ya sahani ikipasuka hakuna la kufanya ila kununua nyingine. Kwa hiyo mwenye kuuza na aulize kwanza ni nani anayekihitaji kitu chake, na yuko wapi. Mara nyingi safari moja kutoka Masasi kupanda Newala, au kuteremka, huongeza bei kuliko redio.

Kundi la pili ni mapambo. Hapa ndipo fedha ya msimu inapoyeyuka. Kijana huweka redio na spika mbili, taa za buluu na nyekundu chini ya tangi, na kitambaa cha manyoya juu ya kiti. Anapoipitisha kijijini, watoto wanakimbia nyuma yake. Furaha hiyo ni ya kweli, wala mimi sikusudii kumnyang'anya mtu furaha aliyoitolea jasho. Lakini furaha ile ni yake. Haihamishwi kwa kadi ya pikipiki. Mnunuzi ana mapenzi yake, na huenda asipende manyoya wala rangi ya buluu. Kwa macho yake, yale mapambo ni kazi ya kubandua.

Yapo na mambo mengine mawili ambayo muuzaji hayafikirii. La kwanza ni ushahidi. Pikipiki iliyojaa taa na spika humwambia mnunuzi kwamba chombo kimefanya kazi ya abiria usiku na mchana, hata kama hakikufanya. Ataanza kushuku kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi, atashuku injini, atashuka bei. La pili ni umeme. Pikipiki ndogo imetengenezewa umeme wa kutosha taa zake, honi na kuwashia. Betri yake ni ndogo. Ukiitundikia spika na taa nyingi, betri huishiwa nguvu mapema, na mwenye pikipiki hubaki akipiga kiki asubuhi nzima. Mnunuzi mzoefu analijua hilo. Hujaribu kuwasha kwa swichi kabla injini haijapata moto, na ikigoma, mazungumzo ya bei huanzia chini.

Sikiliza mazungumzo yalivyo pale mzee wa uwandani anapokutana na kijana muuzaji.

"Shikamoo, mjomba. Tazama taa hizi, tazama na muziki. Pikipiki kama hii hupati tena."

"Marahaba, mpwa wangu. Taa naziona. Izime redio kwanza, uwashe injini niisikie."

Katika maneno hayo machache soko limekwisha kusema lake. Mjomba atasikiliza kama injini inagonga. Atatazama moshi kama ni wa buluu, dalili kwamba injini inakula oili. Atashika cheni na kuivuta, atatazama meno ya sproketi kama yamekuwa makali, atainua gurudumu la mbele na kulitikisa. Kisha ataiomba kadi. Atalinganisha namba ya injini na ya chesisi na zile zilizoandikwa. Atazisoma herufi za mwisho za namba ya usajili, maana hizo humwonyesha takriban pikipiki iliandikishwa lini. Katika ukaguzi wote huo, taa za rangi hazina pahali pa kuingilia.

Kundi la tatu ni la hatari zaidi, nalo ni nyongeza zinazoharibu. Mtu hukata ekzosti ya kiwandani ili pikipiki ingurume. Mwingine hukata waya mkuu na kuunga nyaya tano kwa plasta. Mwingine huipaka rangi nyingine kabisa. Kila moja ya kazi hizo hulipiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa fundi aliyeiharibu, mara ya pili siku ya kuuza, mnunuzi anapotoa katika bei gharama ya kuirudisha katika hali yake. Rangi ina balaa la pekee. Kadi ya usajili hutaja rangi ya chombo, pamoja na namba ya injini na ya chesisi. Pikipiki nyekundu yenye kadi inayosema nyeusi humtia hofu mnunuzi mwaminifu, kwa kuwa ndivyo pikipiki za wizi zinavyofichwa. Mabadiliko ya namna hiyo yapasa kuarifiwa Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe. Asiyefanya hivyo amelipia rangi ya kujishtakia.

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, kila mtu ataweka zake. Ndugu wawili wamenunua pikipiki mbili za aina moja, kila moja kwa shilingi 2,800,000, na kila mmoja amebakiwa na shilingi 420,000.

Ndugu wa kwanza ameweka redio na spika kwa 120,000, taa za rangi kwa 60,000, rangi mpya kwa 80,000, ekzosti ya kelele kwa 70,000, na kiti pamoja na stika kwa 90,000. Zimekwisha. Ndugu wa pili amenunua keria kwa 60,000, vyuma vya kukinga injini kwa 40,000, kofia ngumu mbili kwa 100,000, tairi la nyuma kwa 70,000, na 150,000 ameiweka kwa ajili ya oili, cheni na matengenezo ya mwaka.

Mwaka umepita, shida imebisha hodi, wote wawili wanauza. Tuseme pikipiki ya kawaida ya umri huo, isiyo na nyongeza yoyote, inapata 1,700,000. Mnunuzi wa pikipiki ya kwanza anatoa 80,000 za kutafuta ekzosti nyingine na 50,000 za kurekebisha nyaya. Inabaki 1,570,000. Redio na spika zimefunguliwa na kuuzwa peke yake kwa 40,000. Jumla ni 1,610,000. Mnunuzi wa pikipiki ya pili anaongeza 50,000 kwa ajili ya keria na vyuma, na 30,000 kwa kuwa tairi ni zima na cheni haijalegea. Jumla ni 1,780,000, na kofia mbili zimebaki nyumbani.

Tofauti yao sokoni ni shilingi 170,000. Lakini hasara ya ndugu wa kwanza ni kubwa kuliko hiyo. Alitoa 420,000 ili auze kwa 90,000 pungufu ya pikipiki ambayo haikuwekwa kitu. Mapambo yamemgharimu 510,000 kwa mwaka mmoja. Fedha hiyo imetoka katika korosho alizopalilia mkewe pia, akaziokota na watoto, akazianika uwanjani. Ndiyo maana nasema swali hili ni la nyumba nzima, wala si la kijana na fundi wake.

Mkulima wa korosho ana mfano wake karibu kabisa. Anapofikisha magunia katika chama cha msingi, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza huku kusini mwaka 2007, korosho zake hupimwa uzito, unyevu na ubora. Hakuna mnunuzi wa mnadani anayelipia gunia lililoshonwa kwa uzi wa rangi. Mchonga vinyago naye analijua hilo. Mnunuzi asiyejua hupenda kinyago kinachong'aa; anayejua hukipima uzito mkononi na kukikwangua chini ya kitako, kuona kama ni mpingo kweli au ni mti mwingine uliopakwa kiwi. Thamani imo ndani ya mti na katika mkono wa fundi. Mng'aro huja mwisho, na haujaongeza kitu.

Wala usidhani kwamba hii ni sheria ya maskini peke yao. Huko Ulaya na Marekani yapo magari ya starehe yenye paa la kukunjwa, ambayo mwenyewe hulifunua siku za jua na kuendesha akiwa wazi kichwani. Nayo yana majira: wanunuzi huyatafuta jua la kiangazi linapokaribia, na huyapa kisogo wakati wa baridi, kama pikipiki zetu na korosho. Mwenye gari hilo dukani huongezewa kiti cha ngozi ya pekee, muziki mkubwa, na rangi isiyo ya kawaida, kila kitu kwa bei yake. Akija kuliuza, hukuta kwamba nyongeza hizo zimepoteza thamani upesi kuliko gari lenyewe. Kitu anachokagua mnunuzi kwanza ni paa: limechanika? linavuja? linafunga? Na magari ya zamani yanayonunuliwa na wakusanyaji, yale yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani, yakiwa na injini yake ya asili, ndiyo hupendwa zaidi. Hata huku kwetu, Land Rover za turubai zilizopanda njia za mchanga za Newala hazikupimwa kwa turubai lake. Zilipimwa kwa gia na ekseli.

Lipo jambo jingine linalowaumiza vijana wengi, nalo ni pikipiki ya mkataba. Kijana hupewa pikipiki na tajiri wake, akapeleka hesabu kila siku au kila wiki mpaka atimize kiasi walichopatana, ndipo pikipiki iwe yake. Katikati ya safari huanza kuipamba kama mali yake. Siku akishindwa kupeleka hesabu, kwa ugonjwa au kwa mvua, mkataba huvunjika. Pikipiki hurudi kwa mwenyewe pamoja na keria, spika na tairi jipya. Mahali penye maandishi hapana ugomvi. Kabla ya kufunga chochote, iandikwe katika mkataba kwamba nyongeza zinazofunguliwa bila kuharibu chombo ni mali ya dereva. Kama mwenye pikipiki amekataa kuandika hivyo, basi umekwisha kupata jibu lako: usimpambie.

Fundisho la majira nalo halifai kusahauliwa. Mwaka 2017 bei ya korosho ilikuwa nzuri sana, na wengi waliamini kwamba mwaka ufuatao utakuwa kama huo. Mwaka 2018 bei za mnadani zilishuka, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Uhakiki ulichukua muda, na malipo ya wengi yaliingia mwaka 2019. Mwaka wa namna hiyo ndio unaoonyesha tofauti kati ya akiba na pambo. Aliye na fedha benki huichukua nusu akaacha nusu. Aliye na fedha katika spika hawezi kuuza spika ikanunua gunia la mahindi. Tena wakati wa shida wauzaji huwa wengi na wanunuzi wachache, na pikipiki nyingi zikisimama pamoja barabarani, mnunuzi hana sababu ya kulipia mapenzi ya mtu mwingine.

Basi, ndugu msomaji, kabla fedha ya nyongeza haijatoka mfukoni, na wenye nyumba wakae pamoja, Baba na Mama, wajiulize maswali matatu. Swali la kwanza: kitu hiki kitamfanyia kazi mtu mwingine asiye mimi? Swali la pili: kinaweza kufungwa na kufunguliwa kwa spana tu, bila kukata waya wala chuma? Swali la tatu: je, vile vya lazima tumekwisha kuvinunua? Kitu kikishinda maswali yote matatu, nunueni. Kikishinda la pili tu, basi ni starehe. Nunueni kama mnavyonunua tiketi ya mpira, mkijua kwamba mchezo ukiisha tiketi haina bei. Kisichoshinda hata moja kiacheni dukani.

Kila kifaa cha kiwandani kinachotolewa kisitupwe. Kioo cha asili, kiti, taa, hata boliti, vifungwe katika mfuko na kuwekwa darini. Siku ya kuuza virudishwe mahali pake, na mapambo yafunguliwe na kuuzwa peke yake kwa anayeyapenda. Risiti za oili na vipuri zihifadhiwe pamoja na kadi. Karatasi hizo, ambazo hazing'ai hata kidogo, humtuliza mnunuzi kuliko taa zote. Mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi, na jina libadilishwe kwa Mamlaka ya Mapato, ili pikipiki ikifanya kosa kesho lisiitwe jina lako.

Na katika vile vya lazima, cha kwanza hakifungwi kwenye pikipiki kabisa. Ni kofia ngumu, ya dereva na ya abiria. Sheria inaitaka, lakini si kwa ajili ya sheria ninaitaja. Kofia ni nyongeza ya pekee ambayo mnunuzi hataongeza hata senti moja kwa ajili yake, na ni ya pekee inayoweza kukufikisha hai siku ya kuuza. Nyumba iliyonunua taa za rangi kabla ya kofia imeyapanga mambo yake kichwa chini. Mwanao akipanda nyuma yako kwenda shule, hataulizwa barabarani kama pikipiki yenu ilikuwa na muziki.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikipiki iliyobadilishwa oili kwa wakati, yenye cheni iliyokazwa, tairi lenye kashata, kadi isiyo na dosari na rangi ile ile iliyoandikwa, haihitaji spika ya kuitangaza. Msimu ujao malipo yatakapoingia, fundi wa mapambo atakuwa na meza yake mbele ya benki kama kawaida. Msalimieni kwa heshima, mpite, mwende kwanza kwa muuza kofia.